Kusafisha Picha

Studio ninayopigiwa picha za pasipoti iko Kariakoo, imebanwa kati ya duka la vitenge na fundi simu. Mlangoni pana kibao cha mkono: "Pasipoti saizi dakika 5. Suti zipo." Zamani suti yenyewe ungeikuta imening'inia kwenye msumari nyuma ya pazia, moja kwa wateja wote, kola imekakamaa kwa jasho la waliokutangulia. Siku hizi suti zimo ndani ya kompyuta. Unakaa kwenye stuli na fulana yako, kijana anapiga, halafu anakata kichwa chako kwa kipanya na kukipandikiza juu ya koti jeusi na tai nyekundu. Makoti aliyonayo hayazidi sita. Mtu mwenye subira akipekua mafaili ya waomba kazi wa jiji hili, naamini atakuta nusu yao wanaazimana nguo.

"Suti acha," nilimwambia. "Nataka nilivyo."

"Sawa, mzee."

Dakika tatu baadaye akageuza skrini. Mtu aliyekuwa pale alikuwa mimi, ila mimi niliyelala kwa muda wa saa nane kila usiku kwa miaka ishirini. Mifuko ya chini ya macho haipo. Vipele vya ndevu shingoni havipo. Paji la uso limenyooka kama shuka la hoteli.

"Nimekusafisha kidogo tu," akasema, kwa sauti ya muuza nyanya anayekuongezea moja juu ya fungu.

Neno hilo ni la zamani kuliko kompyuta yake. Enzi za filamu, kusafisha picha ndiyo ilikuwa kazi nzima. Unapeleka mkanda wako wa picha 36, unaambiwa urudi Alhamisi, na huko ndani, kwenye chumba cha giza, mtu anaogesha filamu kwenye dawa mpaka sura zijitokeze. Hakuna aliyesikia neno lile akadhani picha ilikuwa chafu. Lakini fundi wa chumba cha giza naye hakuwa malaika. Alikinga mwanga kwa kiganja ili uso usiungue, akaachia pembe nyingine ikolee zaidi. Aliyekuwa na mkono mwepesi alichukua penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano, akajaza makunyanzi kwenye negativu, moja baada ya jingine. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na wapigaji wa kizazi chake, popote walipokuwa, walijua kwamba mteja hakuja kununua ukweli. Alikuja kununua picha yake.

Lamu, Omar Said Bakor alikwenda mbali zaidi: alikata picha, akaziunganisha, akazipiga upya, akapata mambo ambayo hayajawahi kutokea juu ya ardhi. Kivukoni Likoni, katika miaka ya 1990, wapiga picha walisimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa ndege na majumba. Watu walipeleka picha zile kijijini kwa fahari kubwa, na sijasikia kwamba kuna mjomba aliyekwenda kuuliza ndege ile ilitua wapi. Ilieleweka.

Naanza huko kwa sababu mjadala wa leo juu ya kuhariri picha umejaa watu wanaotamka neno "sijaedit" kana kwamba wanaapa mahakamani. Tuangalie basi wanachoapia.

Ndani ya kamera ya kidijitali pana bamba lenye mamilioni ya vipokezi vya mwanga. Katika kamera nyingi, kila kipokezi kimefunikwa kichujio cha rangi moja tu. Nusu ya vipokezi huona kijani, robo nyekundu, robo buluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta, kamera huzikisia kwa kuchungulia majirani. Yaani theluthi mbili za rangi katika picha ya kawaida ni hesabu, hazikuonwa na kifaa chochote. Kisha kamera inaamua weupe ni upi, inakoleza, inanoa kingo, inafuta chengachenga za gizani, na mwisho inabana. Faili ghafi la kamera nzuri lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi. Faili la JPEG tunalorushiana lina 256. Zilizobaki zimetupwa kabla hujashusha kamera kutoka usoni. Kwa hiyo anayejivunia kutoigusa picha amekubali tu kwamba mhandisi wa Tokyo aiguse kwa niaba yake.

Simu ndiyo usiseme. Ukibonyeza mara moja inapiga picha kadhaa, inazilaza moja juu ya nyingine na kuchagua sehemu za kila moja. Mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa simu ya Samsung alichukua picha ya mwezi, akaipunguza mpaka nukta 170 kwa 170, akaivuruga ikawa ukungu mtupu, akaiweka kwenye skrini, akazima taa na kuipiga kutoka upande wa pili wa chumba. Simu ikamletea mwezi wenye mashimo yake yote. Kampuni ilieleza kwamba programu yake huutambua mwezi na kuukoleza. Maelezo hayo sina shida nayo. Ninachojiuliza ni kitu gani kingine simu imekwisha kukitambua na kuamua ilivyopasa kionekane.

Jibu mojawapo ni uso wako.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Kwa asili kimetengenezwa kudhani kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni ya kijivu cha wastani kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Jaza fremu kwa uso mweusi, kitaona giza na kufungulia mwanga hadi uso upauke. Jaza kwa shela la bibi harusi, kitaona mwanga mwingi na kubana hadi shela liwe rangi ya majivu. Sasa waweke pamoja bwana harusi mweusi tii ndani ya suti nyeusi na bibi harusi ndani ya nyeupe, saa saba mchana, nje ya kanisa. Kamera hapo inababaika kama mgeni stendi ya mabasi. Na ubabaikaji huu una historia. Kodak ilisambazia maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, wakaziita Shirley kwa jina la mfanyakazi aliyepigwa za mwanzo, na kwa miaka mingi ngozi iliyotoka sawa ilikuwa ngozi ya Shirley. Ni mwaka 2021 tu ndipo Google ilipoleta simu iliyonadiwa waziwazi kwa kutunza rangi za ngozi za watu weusi. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, walikuwa wameshaiona biashara hiyo Afrika mapema zaidi. Pamoja na hayo yote, washa hali ya urembo kwenye simu nyingi, na kitu cha kwanza inachokufanyia ni kukung'arisha. Serikali ya Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mkorogo wa kwenye simu haupiti forodha.

Hapo ndipo swali la "kiasi gani" linaponishinda likiulizwa peke yake. Ninapokaa mbele ya kompyuta na picha ya harusi niliyoipiga, kishale kilekile cha mwanga kinafanya kazi mbili zinazopingana. Nikikishusha usoni mwa bwana harusi namrudishia rangi ambayo kamera ilimnyang'anya. Nikikipandisha naendeleza wizi. Kwa kipimo cha vidole, nimehariri sawasawa: nusu inchi huku, nusu inchi kule.

Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu alioa Moshi. Mpiga picha aliyekodiwa, ambaye simtaji, alileta albamu nzito kama tofali la kuchoma. Kila ukurasa uling'aa. Alikuwa amelainisha ngozi za watu wote kwa mkupuo mmoja, kuanzia maharusi hadi mpishi aliyepita nyuma na sufuria. Mama mkubwa alikuwemo, amekaa meza ya wazazi na kitenge chake cha zambarau. Alipokuwa mtoto alimwagikiwa uji wa moto, ukamwachia kovu kutoka shavu la kushoto mpaka chini ya taya, lenye mikunjo myembamba kama mchanga ulioachwa na maji. Wajukuu walijifunza kulipapasa kabla hawajajua kutembea. Kwenye albamu halikuwepo. Kwa programu, chunusi ya juzi na kovu la miaka sitini ni kitu kimoja: doa. Akabaki mama mmoja mwenye shavu kama sahani, na rangi ya chai ya maziwa ambayo hakuzaliwa nayo.

Hakuna aliyelalamika. Harusini watu hutazama kwanza kama wao wametokea.

Mama mkubwa alipofariki ikatafutwa picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi na ile kubwa ya kusimamisha kando ya jeneza. Picha za simu zilikuwa ndogo, zikikuzwa zinavunjika. Iliyofaa ilikuwa ile ya albamu. Ikakatwa, maharusi wakatolewa, ikachapwa kubwa, ikavishwa maua. Mzee mmoja wa ukoo, macho yamefifia, alisimama mbele yake muda mrefu, akaniinamia na kuninong'oneza: "Huyu ni mdogo wake?"

Wenzetu wa magazeti wana sheria kali kuliko sisi wa harusini, na mahali walipochora mstari panafundisha. Mwanzoni mwa 2014 shirika la habari la Associated Press lilivunja uhusiano na Narciso Contreras, mpiga picha aliyekuwa miongoni mwa washindi wa Pulitzer mwaka uliotangulia. Kosa lake: kwenye picha ya mpiganaji nchini Syria alifuta kamera ya video ya mwenzake iliyoonekana kwenye kona, akapaka udongo juu yake. Walikagua karibu picha zake 500 hawakuona nyingine iliyochezewa. Wakaachana naye hivyohivyo.

Mwaka mmoja kabla, Paul Hansen wa Sweden alishinda tuzo kuu ya World Press Photo kwa picha ya wanaume wa Gaza waliobeba maiti za watoto wawili katika kichochoro chembamba. Mwanga wa picha ile ulikuwa wa ajabu, nyuso zinawaka kama za kwenye mchoro wa kanisani, hata ukazuka uvumi kwamba ameunganisha picha kadhaa. Wataalamu wakafungua faili ghafi. Rangi na mwanga vilikuwa vimefanyiwa kazi, lakini kila mtu na kila kitu kilikuwa pale kilipokuwa. Tuzo ikabaki.

Ukipima kwa jasho, Hansen alihariri zaidi ya Contreras. Mmoja alibadili hali ya hewa ya picha nzima, mwingine alifuta kitu cha ukubwa wa kiberiti. Bado naona hukumu zote mbili zilikuwa sawa, ingawa picha ya Hansen ningeipunguza. Msiba ule haukuhitaji taa. Msomaji wa gazeti ameahidiwa kwamba kilichoonyeshwa kilikuwepo na kisichoonyeshwa hakikuwepo hapo. Hakuahidiwa kivuli cha kiwango fulani. Mteja wa Likoni aliahidiwa ndege, akapata ndege. Ofisa wa pasipoti ameahidiwa uso utakaofika mbele ya dirisha lake, ndiyo maana nilimwomba kijana wa Kariakoo anirudishie mifuko yangu ya macho. Alibonyeza mara nne, kwa huzuni kidogo, nikazeeka hatua kwa hatua mbele yake.

Kwa picha za watu, mimi nimekuja kushika mazoea machache. Mwanga na rangi ya ngozi narekebisha bila kuomba radhi, na kama mtu yupo namwambia aweke mkono wake kando ya skrini tulinganishe. Upeo wa bahari uliopinda naunyoosha. Chunusi naondoa, maana wiki ijayo isingekuwepo. Kitakachokuwepo mwaka kesho nakiacha: kovu, pengo, kitambi. Na kazi yoyote iliyonifurahisha usiku sipeleki kwa mtu kabla sijaitazama asubuhi, kwa kuwa jicho likikaa na rangi kali kwa muda wa saa tatu linaizoea kama pua inavyozoea soko la samaki. Asubuhi majani yale mazuri ya jana huwa yanapiga kelele.

Niliyasema haya kwa kujiamini kabisa nyumbani kwa marehemu mama mkubwa, mwaka mmoja baada ya mazishi, tulipokwenda kujengea kaburi. Nilikuwa nimefika kwenye kifungu cha kovu. Binti yake alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Ile picha mama aliipenda, kaka."

Akanionyesha kwa kisu. Juu ya televisheni, ndani ya fremu ya dhahabu ya kununua sokoni, alikuwa mama mkubwa wa meza ya wazazi, shavu sahani. Aliitundika mwenyewe, akawa anawaonyesha wageni. "Huyo ni mimi kabla ya uji," alikuwa akisema, wanacheka.

Sikuwa na la kuongeza. Nilimuuliza mpiga picha yule kwa simu kama amehifadhi ya awali. Alikwisha kufuta zamani kupata nafasi. Kwenye simu yangu nilikuwa na moja niliyompiga jikoni, imetikisika, moshi umeingia, kovu limekamata mwanga wa dirishani. Dada aliomba nimtumie. Mara ya mwisho nilipopita pale ilikuwa imechapwa kwenye karatasi ya kawaida na kubandikwa kwa gundi ya karatasi chini ya ile ya dhahabu, kona moja imeanza kubanduka.