Msiba usio na kaburi: tuishi nao namna gani?



Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wa timu ya afya ya kijiji huuliza juu ya homa, kuhara, chandarua na chanjo za watoto. Mara nyingi mama au baba wa nyumba hutujibu: "Mwili hauna neno, ni moyo tu." Makala hii inahusu jibu hilo.

Msiba ni nini?

Msiba si ugonjwa. Ni kazi ambayo moyo na mwili hufanya mtu anapompoteza mpendwa wake. Unaweza kulia bila kutegemea, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kuumwa kichwa, kubanwa kifua, kusahau mambo au kukasirika haraka. Wengine husikia sauti ya marehemu ikiwaita. Hayo hayana maana kwamba umerukwa na akili. Mtoto naye huomboleza kwa namna yake: anacheza sasa hivi, baadaye analia, au anaanza tena kukojoa kitandani. Usimchape.

Kwa watu wengi maumivu hupungua polepole bila dawa. Ndiyo sababu tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri kwamba mtu aliyefiwa, asiye na ugonjwa wa akili, asipewe vidonge vya kutuliza kama diazepamu kwa sababu ya msiba. Usivinunue dukani. Mwili huvizoea, na kuviacha ni kazi ngumu. Hata waragi hausaidii: unakupa usingizi mfupi, kisha huzuni inakungoja asubuhi pamoja na deni.

Kwa nini msiba wetu ni mzito?

Nyumbani Kongo, mtu akifa tunakaa matanga. Watu wanalala nje karibu na moto, wanaimba, wanapika, wanamtaja marehemu. Baadaye matanga yanaondolewa na kila mtu anarudi kazini. Ndugu zetu Warundi nao wana siku zao za kuondoa msiba. Desturi hizi ni dawa: zinakupa ruhusa ya kulia, zinakuletea watu, kisha zinakuonyesha mlango wa kutokea.

Wengi wetu hapa Nakivale tulikosa hayo yote. Tulikimbia, hatukuzika. Na wako wenye mzigo mwingine: mume, dada au mtoto aliyepotea njiani, ambaye hawajui kama yu hai au amekufa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, alianza kuchunguza jambo hili miaka ya 1970 kati ya familia za askari waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliona kwamba watu hao hawana kasoro ya akili. Kisicho cha kawaida ni hali yenyewe waliyomo. Ushauri wake ni kwamba usijilazimishe kuchagua. Unaweza kubeba maneno mawili pamoja: "Labda atarudi, labda hayupo tena." Ukilima shamba au ukicheka na jirani, hujamsaliti.

Kama unamtafuta mtu, mweleze mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu. Kutafuta ndugu waliopotea na kupeleka ujumbe wa familia ni kazi yao, na huduma hiyo hailipiwi.

Tufanye nini kila siku?

Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa nchi hii hii ya Uganda, wanawake karibu 700 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Sehemu yao walikutana mara tano katika vikundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kupewa kitabu cha picha. Baada ya mafunzo, mahangaiko yao yalipungua kuliko ya wale wasioyapata. Miezi mitatu baadaye faida ilikuwa ndogo zaidi, lakini bado ilionekana. Mafunzo hayo yanafundisha mambo ambayo hata wewe unaweza kuyaanza leo:

1. Rudi mahali ulipo. Mawazo yakikuvuta, kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Pumua nje polepole. Taja kimoyomoyo vitu unavyoviona na sauti unazozisikia. Unaweza kufanya hivyo ukiwa kwenye foleni ya bomba au unapochambua sombe.

2. Lipe wazo jina lake. Sema: "Hili ni wazo la kujilaumu." Si lazima uligombeze. Ukilitambua, halikuburuti kwa urahisi.

3. Fanya jambo dogo unalolithamini. Msuke mtoto nywele, msalimu mzee aliye peke yake, fagia uwanja. Usingoje huzuni iishe kwanza.

4. Jihurumie. Maneno ambayo ungemwambia rafiki aliyefiwa, jiambie na wewe.

Hayo ni ya kufanya peke yako. La tano tunaongeza sisi: kaeni matanga hata kama yamechelewa. Kwetu tuliyafanya ya babu miaka minne baada ya kifo chake. Hatukuwa na kaburi, tukaweka kofia yake juu ya kiti. Jirani aliuliza kwa nini sasa. Shangazi alimjibu: "Kwa sababu sasa tumefika mahali pa kukaa." Usiku ule tulimtaja babu mpaka kukacha. Huzuni haikuisha, lakini tangu hapo tunalitaja jina lake wakati wa kula bila mtu kuondoka mezani.

Ni lini uende kituo cha afya?

Nenda ikiwa miezi sita na zaidi imepita, na kila siku uchungu ni mkali kiasi kwamba huwezi kupika, kulima wala kuangalia watoto. Nenda pia kama unakunywa ili ulale, au kama hofu na ndoto mbaya hazikuachi.

Nenda siku hiyo hiyo ikiwa unawaza kujiua. Kama ni jirani yako, usimwache peke yake, ondoa kamba na dawa za shamba karibu naye, msindikize. Kumwuliza wazi wazi, "Unafikiria kujiua?" hakumpandikizii wazo hilo, kunamfungulia mdomo.

Kumbukeni, wandugu: kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa huoza. Ukituona tukipita na daftari letu, usituambie habari za homa tu. Tuambie na za moyo. Tutakaa, tutasikiliza.