Je, Wajua? Mkanda wa Nyeusi na Nyeupe Kwenye Njia ya Tabora

Sogea hapa, msomaji! Leo tunapiga picha kwa mkanda, tena nyeusi na nyeupe, na uwanja wetu wa majaribio ni ile njia kongwe ya msafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Ukishaanza kuyasikia haya hutatamani kunyanyuka.

Je, wajua kwamba kamera iliwahi kufukuzwa kwenye msafara? Mwaka 1860 James Grant alipiga picha Unguja, kisha akaingia bara na mwenzake John Speke. Speke akairudisha kamera, kwa kuwa joto la ndani ya kihema cha kutayarishia vioo lilikuwa la kuua mtu. Januari 1861 walipotia mguu Kazeh, Tabora ya leo, Grant alikuwa mtu wa kuchora kwa mkono.

Na kwa nini kihema? Kioo cha enzi hizo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi, yote ndani ya dakika kama 10. Kikikauka, basi tena. Wewe leo unatia mkanda wa picha 36 mfukoni na kwenda zako!

Sasa shika kiti, maana hili ndilo linalonipendeza kuliko yote. Pembe za ndovu zilizopita Tabora mabegani mwa wapagazi zilikwenda kuwa mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano huko Ulaya na Marekani. Pembe ikawa ghali, na katika miaka ya 1860 kampuni moja ya biliadi ya New York ikaahidi dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kushika nafasi yake. John Wesley Hyatt, fundi wa kupiga chapa, akahangaika mpaka akapata seluloidi. Halafu mwaka 1889 George Eastman wa Kodak akaitumia seluloidi hiyohiyo kutengeneza mkanda wa picha. Umeona? Kilichotafutwa ili kuchukua nafasi ya pembe ndicho kilichotuletea mkanda.

Tena seluloidi ile ilitokana na pamba, zao lilelile linalolimwa Nzega na Igunga, iliyotiwa asidi na kuchanganywa na kafuri. Ikishika moto huendelea kuwaka hata ukiizamisha majini! Usiogope, mikanda ya leo haina tabia hiyo.

Je, wajua kwamba kila mkanda una ng'ombe ndani yake? Chembe za fedha zinazonasa mwanga hushikiliwa na jelatini, na jelatini hiyo hutoka kwenye mifupa na ngozi. Mwaka 1925 Samuel Sheppard wa Kodak akagundua kwamba jelatini nzuri ilikuwa na viini vya salfa, vya aina inayopatikana kwenye haradali na mimea ya jamii yake. Malisho ya ng'ombe yaliamua kama picha itatoka vizuri au vibaya!

Kuna fedha, na dhahabu pia ipo. Mwaka 1936 watu wa Agfa waligundua kwamba chembe kidogo sana ya dhahabu huufanya mkanda uone mwanga upesi zaidi. Na Tabora yenyewe ina historia yake ya dhahabu: mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wajerumani walifua pale sarafu 16,198 za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Ukiipata moja leo, usiiyeyushe!

Haya, tuchague mkanda. Ukisimama Tabora saa sita mchana mwezi wa Agosti, mawingu hakuna, kipimo cha mwanga huna, utafanyaje? Kanuni ni hii: weka tundu la lenzi f/16, na spidi iwe karibu sawa na namba ya mkanda, yaani ASA yake. Mkanda wa ASA 100, spidi 1/125. Mkanda wa ASA 400, spidi 1/500. Kwisha habari!

Lakini angalia mtego. Kamera ya Zenit-E, chuma kile kizito cha Urusi, spidi yake ya mwisho ni 1/500. Kwa hiyo ukiweka ASA 400 kwenye jua la Tabora umeshafika ukingoni, huwezi kufungua lenzi hata kidogo ili nyuma ya uso wa mtu pafifie. Kwa jua lile, mimi nasema chukua ASA 100 au 125.

Sasa ingia ndani ya tembe. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo nyumba ambamo wasafiri Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, nayo leo ni makumbusho. Toka kwenye jua lile, pita mlangoni, na mwanga unaporomoka papo hapo. Hapo ASA 100 itakuangusha. ASA 400 inaona mara nne zaidi, na HP5 Plus ya Ilford unaweza kuipiga kana kwamba ni 1600, kisha ukaiongezea muda kwenye dawa. Chembe zitajitokeza zaidi, vivuli vitakuwa vizito, na kwangu mimi ukuta wa udongo hupendeza zaidi hivyo.

Je, wajua kwamba bendera nyekundu ingeonekana nyeusi? Misafara ya pwani ilitembea na bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Vioo vya zamani viliona rangi ya bluu tu, nyekundu havikuijua kabisa. Kwa hiyo bendera ingetoka nyeusi tii, na anga la bluu lingetoka jeupe pe!

Mikanda isiyoona nyekundu bado inauzwa, na unaweza kuisafisha huku taa nyekundu inawaka. Ilford Ortho Plus ni mmojawapo, ASA 80. Uujaribu kwenye udongo mwekundu wa barabarani uone jinsi njia inavyogeuka kiza. Mikanda mingi mingine inaona rangi zote, hiyo isafishe gizani kabisa, hata taa nyekundu usiwashe.

Unataka mawingu ya Novemba yasimame angani, mvua za kwanza zinapokaribia? Weka kioo chekundu mbele ya lenzi. Anga la bluu linakuwa zito, wingu jeupe linachomoza. Bei yake ni mwanga: kioo hicho hula kiasi kwamba unahitaji mara 8 zaidi. Kioo cha njano hudai mara 2 tu.

Sikia hili la Kalulu. Mtoto huyu alikabidhiwa kwa Stanley akiwa mtumwa, hapo hapo Tabora, mwaka 1871. Mwaka uliofuata akapigwa picha pamoja na Stanley, wamevaa kama wako safarini, nyuma yao mandhari ya Afrika. Mandhari yenyewe? Studio ya London! Kalulu alifariki mwaka 1877 kwenye Mto Kongo, na sura yake tunayo hadi leo kwa sababu ya picha zile.

Chuma na Susi nao, waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani wakipitia Tabora, walipigwa picha Uingereza mwaka 1874. Safari yenyewe ya miguu, ya zaidi ya kilomita 1,500, haina picha hata moja.

Mkanda wa namba 120, ule mpana wa picha 12 za mraba, ulianza kuuzwa mwaka 1901. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Maana yake mkanda huo unaitangulia treni ya Tabora kwa miaka 11, na bado unatengenezwa!

Hebu bahatisha: Kodak Tri-X ya milimita 35 ilitoka mwaka gani? 1954. Mwaka uleule TANU ilizaliwa, na Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, akawa rais wake.

Na George Eastman mwenyewe, aliyeufanya mkanda uwe wa kila mtu, alikuja Afrika Mashariki kwa safari ya kuwinda mwaka 1926, umri umepita miaka 70. Miaka michache baadaye, mwaka 1930, Capital Art Studio ikafunguliwa Mji Mkongwe, Unguja, na kuta zake zikaja kujaa picha za nyeusi na nyeupe. Naye Mohamed Amin, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia, alianza utotoni na kamera ya mtumba ya Kodak, Box Brownie.

Joto je? Dawa nyingi hupimwa kwa maji ya nyuzi 20. Maji ya bombani kwetu mara nyingi ni ya moto kuliko hapo, na kazi inayotaka dakika 10 kwenye nyuzi 20 inataka kama 7 tu kwenye nyuzi 24. Ukisahau kupunguza, mkanda utatoka umeungua. Weka barafu nje ya chupa, siyo ndani ya dawa!

Mkanda wa nyeusi na nyeupe unavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Ukipiga kivuli cha mwembe bila mwanga wa kutosha, hapo kwenye mkanda hapana kitu, na dawa haiwezi kuokoa kisichokuwepo. Ndiyo maana wazoefu hupima kivuli kwanza. Ukijaribu mkanda mgeni, piga kitu kimoja mara tatu: kama kipimo kinavyosema, ukizidisha mara mbili, ukipunguza nusu, na uandike kwenye daftari.

T-Max ya Kodak, iliyotoka mwaka 1986, ina chembe bapa kama chapati, ndiyo maana picha yake ni laini sana. XP2 ya Ilford ni maajabu mengine: ni nyeusi na nyeupe, lakini husafishwa kwa dawa za mikanda ya rangi.

Umechelewa kusafisha mkanda? Wasweden watatu walipotelea kwenye barafu ya kaskazini mwaka 1897, na mikanda yao ikapatikana mwaka 1930. Baada ya miaka 33 kwenye barafu, zilitoka picha 93!

La mwisho, na hili utalijaribu mwenyewe. Mwaka 1995, Rochester, mji wa Kodak, mwalimu na wanafunzi wake walisafisha mkanda kwa kahawa. Unahitaji kahawa ya kuyeyuka isiyo na sukari, kama ile inayotengenezwa Bukoba, na vitamini C, na kaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo mali ya Ziwa Magadi kule Kenya. Fungua dirisha, harufu yake ni kali. Ila kahawa huitoa picha tu, haiifanyi idumu. Kwa kazi hiyo utahitaji dawa iitwayo “haipo” (hypo), ambayo John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, miaka 20 kabla dunia haijatangaziwa kwamba kuna kitu kinaitwa kupiga picha!