Matairi makubwa: Gari hupanda mlima, lakini breki je?

MVUA inaponyesha Londiani, Kaunti ya Kericho, barabara za udongo zinazotoka mjini kuelekea mashambani na msituni hugeuka utelezi mtupu. Mji huo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na malori yanayobeba viazi na mbao huchimba mifereji mirefu kwa magurudumu yake. Gari la chini likiingia humo hukwama, tumbo likiwa limelalia tuta la katikati.

Ndiposa baadhi ya wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu manne huamua kuyainua na kuyafunga matairi makubwa kuliko yale yaliyotoka nayo kiwandani. Uamuzi huo una manufaa yake. Hata hivyo, una gharama ambayo haionekani gari likiwa limeegeshwa. Huonekana pale dereva anapokanyaga breki akiteremka.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kuanza na maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Tairi lenye alama 265/70R16, ambalo hupatikana katika Toyota Prado nyingi za zamani, lina upana wa milimita 265. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu yake ni ya inchi 16. Ukijumlisha rimu na kimo cha ubavu juu na chini, tairi zima lina kimo cha milimita 777 hivi.

Wengi hulibadilisha kwa tairi la 285/75R16, ambalo kwa hesabu iyo hiyo hufikia milimita 834. Tofauti ni milimita 57, yaani zaidi kidogo ya asilimia 7. Lakini ekseli hukaa katikati ya gurudumu, kwa hivyo huinuka nusu tu ya kiasi hicho, takriban milimita 28. Hiyo ndiyo nafasi halisi inayoongezeka kati ya difu ya nyuma na tuta la barabara.

Watu wengi hudhani kwamba springi ndefu huinua kila kitu. La hasha. Springi huinua bodi na chesisi, zikatoa nafasi ya tairi kuingia chini ya madigadi, lakini ekseli ya nyuma hubaki pale pale. Kinachoinua ekseli ni tairi pekee. Kwa sababu hiyo, mambo haya mawili huenda pamoja: springi hutoa nafasi, nalo tairi huiinua difu.

Nafasi hiyo yafaa kuhakikishwa kabla ya gari kuondoka katika karakana. Fundi mwangalifu huzungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, akitazama iwapo tairi linagusa bampa, chesisi au madigadi. Kisha hupandisha gurudumu moja juu ya jiwe au gogo ili springi ibonyee kabisa, na kurudia ukaguzi huo. Tairi lisilogusa popote gari likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare huenda likakwaruzwa na hata kukatwa gari linapopita bondeni likiwa limejaa mizigo.

Isitoshe, gari linapoinuliwa mipira inayopitisha mafuta ya breki hunyooka. Ikiwa ni mifupi, inaweza kukatika ekseli inaponing'inia. Shafti ya propela nayo hubadilisha pembe yake na kuanza kutetemesha gari, huku usukani ukikosa kurejea wenyewe baada ya kona. Shokomzoba zisizolingana na springi mpya huliacha gari likirukaruka. Kazi haijakamilika hadi yote hayo yarekebishwe na magurudumu yapimwe upya mwelekeo wake.

Hatari kubwa zaidi imo katika breki. Breki hushika katikati ya gurudumu, ilhali tairi hukutana na barabara ukingoni. Kadiri umbali huo unavyoongezeka, ndivyo breki zinavyohitaji nguvu zaidi kusimamisha gari lile lile. Kwa tairi lililotajwa hapo juu, nguvu zinazohitajika huongezeka kwa asilimia 7 hivi, kabla ya kuhesabu uzito wa ziada wa tairi lenyewe. Ikiwa breki zilikuwa zimeanza kuchoka, upungufu huo ndio huamua kama gari litasimama kabla au baada ya aliyekuwa akivuka.

Gia pia huathirika. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, hivyo gari huwa zito kuondoka na kupanda mlima. Tena, kwenye mteremko injini hulishikilia gari kwa nguvu pungufu, na mzigo wote kuangukia breki. Mwenye difu ya uwiano wa 4.1 angehitaji ya 4.4 hivi ili kurejesha hali ya awali.

Kipima-mwendo nacho huanza kudanganya. Kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakimbia karibu kilomita 86. Kikihesabu kilomita 5,000 tangu mafuta ya injini yabadilishwe, gari limeshatembea zaidi ya 5,350.

Wakazi wa eneo hili hawahitaji kufunzwa thamani ya breki. Mnamo Juni 30, 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Kericho, likagonga magari na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 waliangamia. Mkasa huo haukuhusu gari lililoinuliwa, lakini ulidhihirisha jinsi kando za barabara hizi zilivyojaa watu, wachuuzi na wasafiri, wasio na pa kukimbilia gari linaposhindwa kusimama.

Aidha, gari lililoinuliwa hubeba uzito wake juu zaidi, kwa hivyo hupinduka upesi kwenye kona au kwenye barabara iliyoinama upande mmoja. Kupakia mizigo juu ya paa la gari kama hilo ni kuongeza hatari juu ya hatari.

Je, mkulima anayetaka tu kufika nyumbani afanye nini? Mara nyingi jibu si tairi pana. Tairi jembamba na refu, kwa mfano 235/85R16 lenye kimo cha milimita 806 hivi, hupenya tope laini na kufikia ardhi ngumu iliyo chini. Pia halihitaji nafasi kubwa chini ya madigadi. Tairi pana hufaa zaidi mahali ambapo ardhi ngumu haifikiki, kama vile mchangani, kwa kuwa huelea juu.

Mnunuzi asisahau umri wa tairi. Tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Ahakikishe pia kwamba linaweza kustahimili uzito wa gari lake, na aiarifu kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko hayo mapema, kwani baada ya ajali huwa amechelewa.

Wahenga walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mwenye fedha za kutosha matairi pekee afadhali aanze na breki, kisha springi na shokomzoba, na matairi makubwa yaje mwisho. Gari lililokwama topeni huweza kuvutwa kesho yake asubuhi. Lililoshindwa kusimama mteremkoni halingoji kesho.