Ulinganifu wa Vipimo na Ukweli Wake

Neno "usahihi" limebebeshwa mizigo miwili katika maandishi ya kemia ya Kiswahili. Hutumika kwa kipimo kilichofikia kiasi cha kweli, na hutumika vile vile kwa vipimo vingi vinavyokubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Mambo hayo si mamoja. Muuza nafaka mwenye kibaba kilichobonyea aweza kupima mara 20, na kila mara akatoa kiasi kile kile. Mkono wake hautikisiki, na hata hivyo kila mnunuzi amepunjwa. Vipimo vyake vina ulinganifu, ukweli havina.

Kosa la namna hii, lielekealo upande mmoja daima, yafaa liitwe mwelemeo. Kuna waliitalo upendeleo, lakini upendeleo ni jambo la nia, na chombo hakina nia. Kosa la kutikisika hupungua kwa kurudia: wastani wa vipimo 100 hutikisika sehemu moja tu ya kumi ya mtikisiko wa kipimo kimoja. Mwelemeo haupungui hata chembe.

Dawa yake ni kugeza, yaani kukilinganisha chombo na kitu ambacho kiasi chake chajulikana. (Lugha imekwisha tangulia hapa, maana kigezo chatokana na geza.) Apimaye floraidi katika maji ya kisima hutengeneza kwanza miyeyusho ya viwango anavyovijua, huipima kwa chombo chake mmoja mmoja, kisha huchora mstari wa kumwonyesha kila namba ya chombo ni sawa na miligramu ngapi. Walakini kigezo nacho chaweza kudanganya. Chupa ikiachwa wazi, maji yakapungua kwa mvuke, myeyusho huwa mkali kuliko ilivyoandikwa ubavuni, na kila kisima kitapewa kiasi kilicho chini ya kweli yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye 1.6 kikipewa 1.4 kitapita, na meno ya watoto wanywao humo huenda yakaingia madoa.

Ndiyo sababu kipimo chema huhakikiwa kwa njia nyingine isiyofanana na ya kwanza. Mfano ulio bora ni wa Lord Rayleigh wa Uingereza. Mwaka 1892 alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Ile aliyoipata kwa kuiondolea hewa oksijeni yake kwa shaba ya moto, ilizidi ile aliyoipata kwa msaada wa amonia kwa sehemu moja katika 1,000. Mwingine angalichukua wastani, akaendelea na kazi. Yeye alitafuta jinsi ya kuikuza tofauti ile, na alipopima naitrojeni iliyotoka katika kemikali tupu, pasipo hewa, tofauti ikafika sehemu moja katika 200: gramu 2.310 kwa 2.299, katika chupa ile ile. Kila kundi la vipimo lililingana vizuri ndani yake, na mizani haikuwa na kosa. Mwaka 1894 yeye na William Ramsay walitangaza kwamba katika naitrojeni ya hewani imo gesi nyingine, nzito zaidi, ambayo haijapata kujulikana. Ikaitwa agoni, nayo ni karibu sehemu moja katika 100 ya hewa. Naitrojeni ya hewani peke yake ingalipimwa hata mara 1,000, agoni ingalikuwamo kila mara.