Dira, Chuma na Mpaka wa Majini

Ziwa Tanganyika limo katika nchi 4: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Mipaka ya nchi hizo hupita majini, ambako hakuna jiwe wala nguzo. Usiku wa giza, chombo cha doria kinachoongozwa kwa dira huweza kuingia nchi ya jirani bila ya kukusudia, iwapo dira hiyo imepotoshwa.

Vitu vya kawaida hutosha kuipotosha. Mshale wa dira ni sumaku, nao huelekezwa na sumaku ya dunia, ambayo nguvu zake ni hafifu. Bunduki, kisu au kofia ya chuma ikiwekwa kando yake huuvuta mshale. Hali kadhalika redio, kwa kuwa spika yake ina sumaku. Shaba na alumini hazina madhara hayo.

Kosa linaloletwa na injini na vyuma vingine visivyohama hupimwa na kurekebishwa. Hatari kubwa imo katika chuma kinachowekwa leo na kuondolewa kesho, kwani kosa lake halimo katika hesabu za nahodha. Kosa la digrii 5 tu, katika mwendo wa kilomita 40, hukipeleka chombo kando kiasi cha kilomita 3 na nusu.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kung'oa nanga, kila kitu kinachoshukiwa kisogezwe karibu na dira. Mshale ukigeuka, kitu hicho kiwekwe mbali. Kwa nchi zinazotaka kuishi kwa amani na majirani zao, mahali askari anapoiweka bunduki yake chomboni si jambo dogo.