Cardigan Bay, farasi wa kiuno kibovu

Leo hatutasema juu ya kontra wala juu ya prime. Juma lililopita, kisha kikao cha wadelege, kijana mumoja wa timu ya usiku alitoa tiketi ya pari mu mfuko. Salere yake haikumaliza siku tatu, sehemu kubwa ilikuwa imekwenda na farasi za Vincennes, kule Paris. Tulimugombeza sana. Lakini muzee mumoja wa sendika akatuuliza: ninyi munaogombeza, munajua hata namna farasi hizo zinashindana? Tukanyamaza. Njo tukaanza kutafuta na kusoma, na habari ya farasi mumoja ikatushika mpaka leo.

Mu sehemu kubwa ya mashindano hayo mutu hapandi ku mugongo. Anaikala mu kigari kidogo cha mapine mbili, nyuma kabisa ya mukia, na kamba mu mikono. Farasi hana ruhusa ya kukimbia kwa kuruka. Akiruka, mwenye kumuendesha lazima amurudishe ku mwendo, na wakati ule wenzake wanapita. Iko miendo miwili. Mu troti, mguu wa mbele wa kuume unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto. Mu ambli, miguu miwili ya upande moja inakwenda pamoja, kisha ya upande ule mwingine, sawa vile ngamia. Kule Vincennes farasi akishika ambli wanamutoa. Lakini mu Marekani, Australia na New Zealand ambli iko na mashindano yake, na ni wa ambli njo wanaopita wa troti kwa mbio.

Cardigan Bay alikuwa wa ambli. Alizaliwa mu 1956 ku New Zealand, upande wa kusini wa inchi ile, kwenye watu wa mashamba na kondoo. Walimuhasi. Mutaona mbele kwa nini tunalisema hili, kwani ndani yake iko habari yote.

Alipokuwa mikononi mwa Peter Wolfenden, aliyekuwa anamufundisha na kumuendesha yeye mwenyewe, alishinda sana. Na kule kwao wakati ule ilikuwa desturi ya ajabu: mu makombe makubwa, farasi mwenye nguvu walikuwa wanamuanzisha nyuma ya wengine, metre nyingi, ili dhaifu naye apate bahati. Yaani unavyotumika muzuri, njo wanavyokuongezea muzigo. Wenzetu wa tonaje watatuelewa bila maneno mingi.

Mu 1962 walimupeleka Perth, Australia, kwa kombe la Inter Dominion, lile linalokutanisha farasi wakubwa wa inchi hizo mbili. Kule njo alipata aksida. Kiuno kiliumia sana, mufupa wa upande moja ukashuka, na haukupanda tena mpaka kufa kwake. Mutu akimuangalia kutoka nyuma anaona upande moja uko chini. Watu walifikiri amekwisha.

Hapa tulisimama kusoma, tukaangaliana. Sisi wote tunamujua mwenzetu aliyeangukiwa na jiwe mu shimo, kiuno kikavunjika. Kampuni yake ilimulipia opital mwezi moja, kisha ikamuletea barua. Hakuna aliyerudi kuangalia kama mufupa unashikana.

Farasi yeye walimungojea. Walimutunza polepole, wakamutembeza polepole, na akarudi. Si kurudi kwa huruma: mu 1963 alishinda Inter Dominion ileile, mara hii ku Adelaide, na mwaka uleule akashinda Kombe la New Zealand. Kiuno kibovu, na bado wanamuanzisha nyuma!

Mu 1964 Wamarekani walimununua dola 100,000. Alikuwa anakaribia miaka 8, muzee kwa kazi ile, na kilema. Aliyemuchukua ni Stanley Dancer, mwendeshaji wa New Jersey mwenye jina kubwa kati ya wote wa kigari. Walimucheka kidogo. Lakini Dancer alikuwa ameona mwendo, hakuangalia mufupa.

Sasa tukuje ku siku ile ya 1966, ku kiwanja cha Yonkers, karibu na New York. Marekani ilikuwa na mufalme wake, Bret Hanover, miaka 4, damu inachemka. Mu karieri yake yote, mbio 68, alishinda 62. Cardigan Bay alikuwa anakwenda ku miaka 10. Magazeti yalisema ni mbio ya karne, na watu walijaza kiwanja usiku ule. Muzee wa kiuno kibovu akamupita kijana.

Na kisha? Mwisho wa mwaka uleule Bret Hanover aliacha kazi. Walimutuma kuzalisha, na damu yake ikauzwa bei kubwa sana. Cardigan Bay aliendelea kuvuta kigari. Njo pale neno la kuhasi linarudi: hakuwa na kitu kingine cha kuuzisha. Hana mbegu, hana watoto watakaotafuta feza kwa jina lake. Iko na miguu yake mine tu, na siku miguu inasimama, feza nayo inasimama. Sisi wa mashimo hatuhitaji mwalimu kwa kuelewa hesabu hiyo.

Tarehe 14 mwezi wa 9, mwaka 1968, ku Freehold, New Jersey, alishinda tena, na jumla ya feza yake ikapita dola milioni moja. Mu mashindano ya kigari hakuna farasi aliyekuwa amefika pale mbele yake. Alikuwa na miaka 12. Dancer alimupeleka hata mu televizio, kwa Ed Sullivan, farasi mwenyewe mbele ya watu! Na alisimamishwa kazi palepale, bila kumukamua mpaka tone la mwisho. Kwa hili tunawasifu wale mabwana, hata kama milioni ile haikulala mu mfuko wake.

Kisha walimurudisha kwao. Mu 1970 New Zealand ilitoa timbre ya posta yenye sura yake. Alipewa majani na nafasi, hakuna aliyemufunga tena ku kigari, na alikufa mu 1988. Miaka 20 hivi ya pansiyo.

Kijana wa tiketi alituuliza kama angemuwekea feza yake Cardigan Bay usiku ule wa Yonkers. Muzee akamujibu kwamba hapana, wewe ungeweka kwa Bret Hanover sawa watu wote. Mwenzetu wa kiuno alikuwa ameikala ku mulango, akacheka sana. Barua yake iko kwetu mu lokali ya sendika, na juma hili tunaenda naye kwa enspekta wa kazi.