Kufunga Kipoza Joto na Feni Juu ya Prosesa

Natumaini kila mmoja wenu ana ukurasa huu mbele yake, na kwamba mwalimu ameiweka redio mahali ambapo hata walioketi nyuma wasikia. Nitasoma polepole, nanyi mfuate kwa kidole.

Prosesa ndiyo ifanyayo hesabu zote ndani ya kompyuta. Ni kitu kidogo cha mraba, chaenea katika kiganja. Nayo hula umeme, na umeme huo wote hugeuka kuwa joto. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani hukadiriwa kwa wati 65. Sasa ikumbukeni ile balbu ya zamani ya wati 60. Nani angethubutu kuishika ikiwaka? Joto la prosesa ni kama hilo, ila limekusanyika mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Hapana budi liondolewe upesi. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 haikuwa na taabu hiyo. Prosesa yake ilikaa wazi, bila chuma wala feni juu yake. Za siku hizi haziwezi kukaa hivyo.

Kipoza joto ni pande la alumini, au la alumini na shaba, lenye mapezi mengi membamba. Mapezi ni ya nini? Mtu akiwa na haraka humimina chai katika kisahani ipate kupoa. Chai ni ile ile, lakini imepata nafasi kubwa ya kukutana na hewa. Mapezi hufanya kazi ya kisahani, na feni hufanya kazi ya kupuliza.

Basi kwa nini kuna mafuta mazito katikati, ambayo mafundi huyaita pesti? Hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Ukilaza chuma juu ya prosesa, macho yatakuambia vimegusana kabisa. Sivyo. Mna mikwaruzo na vishimo vidogo mno, navyo vimejaa hewa. Hewa haipitishi joto vizuri. Ndiyo sababu blanketi humhifadhi mtu na baridi. Pesti huifukuza hewa hiyo. Lakini usidhani kuwa nyingi yafaa zaidi. Pesti yenyewe haipitishi joto kama chuma, kwa hiyo ikiwa nene huwa kizuizi. Tone moja la kadiri ya punje ya mbaazi, katikati ya prosesa, latosha. Usilitandaze kwa kidole. Chuma kikibanwa kitalitandaza chenyewe. Vipoza joto vingine huuzwa vikiwa vimekwisha pakwa pesti chini, hivyo usiviongezee.

Kabla ya kugusa lolote, zima kompyuta na uchomoe waya ukutani. Kisha shika chuma kitupu cha sanduku lake. Mmepata kuvua nguo ya nailoni gizani mkaona vimeta? Huo ni umeme tuli, nao waweza kuharibu prosesa bila wewe kusikia kitu. Kama pana pesti ya zamani, ifute kwa kitambaa safi chenye spiriti, ungoje pakauke.

Nitaeleza kipoza joto cha Intel chenye miguu minne ya plastiki, kwa kuwa kimeenea sana. Juu ya kila mguu pana mshale, nao waonyesha upande wa kufungulia. Wakati wa kufunga, mguu uwe umezungushwa kinyume cha mshale mpaka mwisho. Ingiza miguu yote katika matundu yake, kisha bonyeza mmoja, halafu ule ulio mkabala wake kwa mshazari, kisha miwili iliyobaki. Kila mmoja utalia "tak". Ukianza na miwili ya upande mmoja, chuma huinama na pesti husukumwa kando. Chungulia chini ya ubao, uone miguu yote minne imetokeza.

Kuondoa kipoza joto nako kuna hatari. Prosesa za AMD za soketi AM4, iliyotoka mwaka 2016, zina pini nyembamba chini yake. Pesti ikikauka hugandisha, na mtu akivuta kwa nguvu hung'oa prosesa pamoja na chuma, pini zikapinda. Afadhali uwashe kompyuta kwa dakika chache pesti ilainike, uzime, uchomoe waya, kisha uzungushe chuma kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua.

Sasa chomeka waya wa feni. Juu ya ubao tafuta herufi hizi: CPU FAN. Waya huu ukisahauliwa, prosesa ikifika karibu na digrii 100 hupunguza mwendo, na mwisho kompyuta hujizima. Karani wa ushirika aliyekuwa akiandika malipo ya wakulima bila kuyahifadhi hupoteza yote, naye hudhani umeme umekatika.

Washa kompyuta kabla hujafunga sanduku, utazame kama feni yazunguka. Ikikaa kimya, zima mara moja.

Haya, chukueni madaftari. Andikeni maneno haya matano: joto, feni, pesti, mshale, mshazari. Kisha kila mmoja aandike sentensi moja kueleza kwa nini pesti iwe kidogo. Mwalimu atazisoma. Kwaherini.